Nyumba Unayokodi Inaenda Mnadani? Maswali ya Wapangaji

Kwa miezi kadhaa sasa barua zinazonifikia kutoka Nakuru, Kisumu na Kakamega zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mimi nalipa kodi vizuri, sijawahi kuchelewa, sasa nitajuaje kama mwenye nyumba alikopa akashindwa kulipa na benki inakuja kuuza nyumba nikiwa ndani? Nimechagua barua sita. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu juu ukiielewa hiyo, zile zingine zinakuwa nyepesi.

Habari yako mama. Mimi ni mpangaji hapa Kiamunyi, ploti ya milango 16, nalipa 12,000 kwa mwezi na nikiingia nililipa dipoziti ya mwezi mmoja. Wiki tatu zimepita alikuja kijana na kamera na tepu ya kupimia, akapiga picha geti, tangi, paa, mpaka boksi la mita za stima, akamuuliza keyateka ni nyumba ngapi ziko na watu na kodi ni ngapi. Tukiuliza keyateka anasema ni watu wa rangi. Sasa Jumamosi asubuhi nikienda kununua maziwa nikapata karatasi imebandikwa kwa geti, nilisoma tu neno notisi na jina la benki na namba inaanza na Nakuru Municipality Block, nikarudi kuchukua simu niipige picha, kurudi nikapata kijana wa landilodi ameshaichana. Landilodi hashiki simu. Nihame ama nikae? Watoto wanasoma hapa karibu na sijui hata nianzie wapi. (Mpangaji, Kiamunyi, Nakuru)

Usihame leo dadangu, na pia usikae tu ukingoja. Hiyo karatasi ilikuwa yako pia. Hili ndilo jambo wapangaji wengi hawajui, wanafikiri makaratasi ya benki ni ya landilodi na ukiyasoma ni umbea. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 96, inasema benki kabla iuze lazima impe mwenye ardhi notisi ya kuuza ya angalau siku 40, na nakala ya hiyo notisi wapewe watu wengine waliotajwa hapo, kuna mke ama mume aliyekubali mkopo uchukuliwe, kuna mdhamini, na kuna mpangaji wa hiyo ardhi ama wa jengo lolote lililo juu yake. Alafu nakala nyingine ibandikwe mahali pa kuonekana kwa ardhi yenyewe ama karibu nayo. Kwa hivyo huyo kijana alichana kitu ambacho sheria ilitaka ukione, na inaniuma juu najua ni ploti ngapi hiyo hufanyika asubuhi kabla watu hawajaamka.

Huyo wa kamera naye simuoni kama mtu wa rangi. Kifungu cha 97 kinataka benki ifanyishe tathmini kabla iuze, ijue mali ingepata pesa ngapi ikiuzwa kwa haraka, na valua ndiye huja kupima na kupiga picha na kuuliza kodi inayoingia. Lakini valua pia huja wakati landilodi anaomba mkopo mpya, ama anataka kuuza mwenyewe kwa hiari yake, kwa hivyo valua peke yake hatoshi kukupa jibu. Valua pamoja na karatasi ya geti, hapo mimi ningeanza kushughulika siku hiyo hiyo.

Sasa uko na muda gani? Inategemea hiyo karatasi ilikuwa gani, manake ziko zaidi ya moja na watu huzichanganya. Landilodi akikosa kulipa kwa mwezi mmoja benki inaweza kumwandikia notisi ya kwanza, inamwambia deni limefika ngapi na inampa angalau miezi 3 alipe. Hiyo wewe hautaiona, inaenda kwake. Akishindwa ndio inakuja ile ya siku 40. Hizo zikiisha benki inampa kazi dalali, na kanuni za madalali za 1997 zinamtaka dalali naye ampe mwenye mali siku 45 za kuikomboa, kisha atangaze kwa gazeti, na mnada usifanywe kabla siku 14 ziishe tangu tangazo la kwanza. Hebu jumlisha, 40 na 45 na 14 ni siku 99, miezi mitatu na kitu. Kwa hivyo kama karatasi ilikuwa na jina la benki peke yake pengine ni ile ya siku 40 na muda bado upo. Kama ilikuwa na jina la dalali, tarehe ya mnada na mahali utafanyiwa, umebakisha wiki chache sana. Wewe umesema uliona jina la benki, haujataja dalali, hiyo inanipa tumaini lakini usilale nayo, enda uhakikishe.

Kuhakikisha ni kufanya sachi ya ardhi, yaani kuomba ofisi ya ardhi ikupe kilichoandikwa kwa rejista kuhusu hiyo ploti. Hapo unahitaji namba kamili ya ploti, si jina ambalo watu wa mtaa wanaiita na si namba ya mlango wako. Nusu yake uliiona kwa geti. Hiyo nyingine iangalie kwa mkataba wako wa kupanga, saa zingine huandikwa juu kabisa na mtu hajawahi kuijali, ama kwa risiti ya reti za kaunti kama keyateka anaziweka, ama uliza jirani wa ploti mnayopakana, ukijua namba ya ploti ya kulia na ya kushoto mtu wa survei akikufungulia ramani anakuonyesha ya katikati kwa dakika moja. Ukishaipata enda ofisi ya ardhi hapo Nakuru, ujaze fomu ya sachi, ubebe kitambulisho na PIN ya KRA, malipo ni kupitia eCitizen. Usitetemeke ukiulizwa wewe ni nani wa hiyo ploti. Rejista ya ardhi si siri ya landilodi, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa anayehitaji sachi haki ya kupewa kilichoandikwa humo. Kuna karani atakuambia lete kwanza nakala ya taito, na wewe mpangaji taito utatoa wapi, ukikwama hapo tafuta karani wa wakili, wale wanashinda kwa hizo foleni kila siku na kwa pesa kidogo atakutolea. Mko milango 16. Mkichanga hata mia moja moja mnapata ya kuanzia bila mtu mmoja kuumia.

Sachi inarudi ikiwa karatasi ndogo tu. Sehemu ya kwanza ni ardhi yenyewe, ukubwa wake na kama ni ya kudumu ama ni lisi, ile ya kukodishwa kwa miaka fulani. Ya pili ni jina la mwenyewe, na hapo simama kidogo, soma hilo jina polepole uone kama ni la huyo mtu unamlipa kodi. Ya tatu ndiyo ulienda kutafuta, mizigo iliyo juu ya ardhi. Ukipata neno chaji, wameliandika kwa Kiingereza, na jina la benki ama sacco, na kiasi cha pesa, na tarehe, ujue ardhi iko rehani. Ukipata kizuizi cha korti ama koshen, yaani tahadhari ya kuzuia ardhi isiuzwe, ya mtu wa familia, hiyo ni habari nyingine, kuna ugomvi wa umiliki, na pia ni vizuri uijue.

Lakini usitoke hapo mbio ukaanza kufunga vyombo. Chaji si kosa. Flati nyingi zinazomea huko Kiamunyi na Ngata zimejengwa na mkopo na mwenyewe analipa kila mwezi na hiyo hiyo kodi yenu, hakuna shida. Chaji inakuambia tu nani ako na uwezo wa kuuza. Chaji pamoja na notisi ndio taabu. Na sachi ikirudi safi haina chaji, basi ile karatasi labda ilikuwa ya deni la reti ama kesi, na uulize upya.

Naandika haya kwa uchungu juu yalinipata. 2014 nilikuwa napanga Migosi kule Kisumu, landilodi mtu mpole, anakuja kuchukua kodi mwenyewe na hatoki bila kuuliza watoto wamefanya aje kwa mtihani. Mwaka huo akaniomba nimlipe miezi 3 mbele, akasema ako na mgonjwa, nikampa. Kulikuwa na mtu wa kamera, nilimwona. Kulikuwa na barua zimekunjwa chini ya geti zinalowa na mvua, nilizipita nikienda kazi. Nilikuja kujua siku wanaume wawili waligonga saa moja asubuhi wakitaka kuona nyumba, mmoja ameshika gazeti amelikunja kwa ukurasa wa minada, akanionyesha na kidole, picha ndogo tu ya flati yetu, na hapo kwa balkoni ya pili nikaona nguo za watoto wangu zimeanikwa. Binti yangu alikuwa amebakisha wiki mbili afanye KCPE. Ile kodi ya mbele ilienda na dipoziti ikaenda. Landilodi simchukii, nafikiri aibu ndio ilimfunga mdomo, lakini angeniambia hata mwezi mmoja kabla ningepanga maisha yangu na mtoto angefanya mtihani akitoka kwake.

Kwa hivyo wewe wa Kiamunyi, wiki hii fanya sachi, na ukipata chaji andika barua fupi kwa tawi la benki hiyo, useme wewe ni mpangaji wa nyumba fulani kwa ploti namba fulani, ungependa kupewa nakala ya notisi yoyote ya kuuza, uweke namba yako ya simu, uachie hapo kaunta na nakala yako igongwe muhuri. Deni la landilodi hawatakuambia, hiyo ni siri ya mteja wao na ni haki, lakini wakishakuwa na barua yako hawawezi kusema hawakujua kuna watu ndani. Angalia kurasa za minada kwa magazeti, zina namba ya ploti, mtaa, jina la mwenyewe, na mara nyingi wanaandika hata nyumba ni za vyumba vingapi na zinaingiza kodi ya ngapi. Usilipe kodi ya mbele hata uombwe kwa machozi. Na mtumie landilodi ujumbe wa simu, kwa heshima, umwambie umeona notisi na ungependa dipoziti ihesabiwe kama kodi ya mwezi wa mwisho kama mambo yataharibika. Akikubali kwa maandishi umeokoa 12,000 yako.

Na ujue kitu kimoja, mnada kutangazwa si mnada kufanyika. Landilodi anaweza kulipa mpaka dakika ya mwisho kabla nyundo ishuke, ama aende korti apewe amri ya kusimamisha, kuna ploti zimetangazwa mara tatu na mwenyewe bado ni yule yule. Hata ikiuzwa, mnunuzi hulipa kiasi tu siku hiyo na hupewa muda kama siku 90 amalize. Haumki kesho ukiwa nje.

Mama salamu kutoka Mamboleo. Kwetu alikuja mtu na pikipiki, akasema ametumwa na dalali, kuanzia mwezi huu kodi yote itumwe kwa namba yake ya simu juu nyumba si ya landilodi tena. Wengine wametuma. Landilodi naye anasema nisipomlipa ananitupia vitu nje. Nimlipe nani? (Mpangaji, Mamboleo, Kisumu)

Usimlipe mtu wa pikipiki. Dalali aliyepewa kazi ya kuuza kazi yake ni kuuza, hiyo peke yake haimpi ruhusa ya kukusanya kodi. Kuna njia halali ya benki kuchukua kodi kabla ya kuuza, iko kwa kifungu cha 92 cha hiyo Sheria ya Ardhi, benki inamteua risiva wa kupokea mapato ya mali, lakini inampa kwanza mwenye mali notisi, na uteuzi unakuwa kwa maandishi. Risiva wa kweli atakuja na barua ya benki ya kumteua, yenye jina lake na namba ya ploti yenu, na pesa mara nyingi zinaenda kwa akaunti, haziendi kwa simu ya mtu. Akikuonyesha barua usichukue namba ya benki kwa hiyo barua, itafute mwenyewe ama uende kwa tawi na miguu yako uulize kama wanamjua huyo mtu.

Mpaka uone hiyo barua na uihakikishe, endelea kumlipa landilodi vile umekuwa ukilipa, na kila malipo yaache alama, M-Pesa ama benki, usitoe keshi mkononi hata kama ndio mazoea. Najua kuna wale wanasema wacha kulipa kabisa kwa vile nyumba inaenda. Hapana. Mnada haujakufutia kodi, na kodi ikilala landilodi anaweza kutumia ile sheria ya kukamata mali ya mpangaji kwa deni la kodi, kochi lako na tivi yako zinabebwa, na hapo umejitia wewe makosani na ulikuwa hauna kosa. Ukifika mahali uko na barua mbili halali zinazopingana, ya risiva na ya wakili wa landilodi, usichague wewe mwenyewe, hiyo pesa iweke kando usiiguse na upeleke barua zote mbili kwa wakili siku hiyo.

Wale walishatuma kwa mtu wa pikipiki waende wachukue taarifa ya M-Pesa ya hayo malipo na wapige ripoti polisi. Madalali wa Kenya hupewa leseni na Bodi ya Leseni za Madalali, na mtu anayetumia jina la dalali kuchukua pesa za watu anafaa kushtakiwa huko pia.

Mimi niko na duka la hadwea Kakamega, chini ya flati, na mkataba wa miaka 3 wa maandishi. Nimefanya sachi nikapata chaji ya 2019. Mkataba wangu ni wa juzi. Unanilinda nyumba ikiuzwa? (Mwenye duka, Lurambi)

Wewe umefanya kazi nzuri kusoma tarehe, watu wengi hawaangalii tarehe. Chaji ilikuja kabla yako, na hapo ndipo kuna shida. Kwa Sheria ya Ardhi mwenye ardhi aliyeiweka rehani hafai kuikodisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya benki. Kama benki haikuidhinisha huo mkataba wako wa miaka 3, mnunuzi wa mnada anaweza kusema yeye haumfungi. Kwa hivyo muulize landilodi swali moja tu, benki ilikubali kwa maandishi? Kama ndio, omba nakala uweke na mkataba wako. Kama hapana, mwambie aiombe sasa kabla mambo yaharibike, benki haifai kukataa bila sababu nzuri.

Lakini haujaachwa hivyo hivyo. Wewe ni biashara, na duka lenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, ama lisilo na maandishi kabisa, linalindwa na ile sheria ya maduka na hoteli, watu wanaiita Cap 301. Chini ya hiyo, mwenye nyumba ni yule anayestahili kupokea kodi wakati huo, awe wa zamani ama mpya, na akitaka utoke lazima akupe notisi ya kimaandishi ya angalau miezi 2 yenye sababu, na wewe unaweza kuipinga kwa Tribunali ya Kodi za Biashara kabla hiyo notisi ianze kufanya kazi. Ukichelewa kwenda Tribunali notisi inakuwa imeshinda, kwa hivyo ukiipata usiiweke kwa droo ya kaunta.

Dadangu anaishi Marekani na anasema nyumba ikichukuliwa na benki mpangaji anapewa siku 90, ati nimwonyeshe landilodi hiyo sheria. Hapa Bungoma inafanya kazi? (Bungoma)

Dada yako hajakosea, ni vile anasema ya kwao. Marekani walipitisha sheria ya kuwalinda wapangaji 2009 baada ya watu wengi sana kupoteza nyumba, ikaisha mwisho wa 2014, 2018 wakairudisha iwe ya kudumu, na ndani yake mpangaji wa kweli anapewa angalau siku 90. Hapa kwetu haipo. Zetu ni zile siku nimehesabu hapo juu, na hizo ni za kabla ya kuuza, mwenye kupewa kwanza ni landilodi na wewe unapewa nakala. Mnunuzi akishapata nyumba, mpangaji wa mwezi kwa mwezi bila mkataba mwingine anastahili notisi ya kipindi anacholipia, yaani mwezi mmoja. Ukisoma ushauri kwa simu angalia kwanza umeandikwa kwa nchi gani, nimeona mtu wa Webuye akibeba fomu ya jimbo la Ohio kwenda kwa ofisi ya ardhi, akarudi amevunjika moyo na shida yake ilikuwa na dawa hapa hapa.

Nataka kuhamia nyumba Lanet, nzuri, 18,000, wanataka dipoziti ya miezi 2. Naogopa kuuliza kama iko na mkopo, landilodi ataniona mjuaji. (Nakuru)

Dipoziti ya miezi 2 na kodi ya kwanza ni 54,000, kwa hiyo pesa uko na haki ya kuonekana mjuaji. Omba namba ya ploti iandikwe kwa mkataba, usiseme neno mkopo, sema tu unataka mkataba uwe kamili, na ukiipata fanya sachi kabla utume hata shilingi. Ukipata chaji usikatae nyumba kwa hiyo peke yake. Jadiliana dipoziti ishuke iwe ya mwezi mmoja, na uandikishe mstari mmoja kwamba akipata notisi ya benki atakuambia ndani ya siku 7 na dipoziti itageuka kodi. Landilodi anayelipa deni lake vizuri hatakuwa na shida na huo mstari. Kama jina la sachi na jina la M-Pesa hazifanani, uliza kwa nini, kuna wale wana mke ama ajenti anayepokea na hiyo ni sawa, kuna wale si wenye nyumba.

Mama mimi ni mjane, niko Nyalenda, chumba kimoja cha 2,000, nimekaa miaka 6. Nyumba imeuzwa. Mwenye mpya amekuja na vijana akanipa siku 7 niwe nimetoka la sivyo atatoa mlango na mabati. Landilodi wa zamani anasema dipoziti yangu nimuulize aliyenunua. Nina wajukuu watatu. (Nyalenda, Kisumu)

Pole sana mama. Hakuna mtu amepewa na sheria uwezo wa kukutolea mlango. Aliyenunua kwa mnada amenunua ardhi na jengo, akitaka utoke anafuata njia, na njia si vijana. Chumba chako kwa hiyo kodi ya 2,000 kiko ndani ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, ile ya nyumba za kuishi zisizozidi 2,500 kwa mwezi, na nyumba ya namna hiyo mwenyewe hakutoi bila amri ya Tribunali ya Udhibiti wa Kodi. Aende aiombe, na wewe uitwe useme yako, miaka 6 na wajukuu watatu.

Kesho asubuhi enda kwa chifu na kwa polisi umeambatana na jirani mmoja aliyesikia hilo neno la mabati, ripoti iandikwe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, uchukue namba. Hiyo namba iandike kwa karatasi uiweke na kitambulisho. Alafu nenda ofisi ya FIDA hapo Kisumu, wanasaidia kina mama wasio na pesa za wakili, ueleze kila kitu, ubebe risiti zozote za kodi, hata zile za karatasi ya daftari, hata ujumbe wa M-Pesa wa miaka ya nyuma kama simu ni ile ile.

Dipoziti yako anadaiwa yule uliyempa. Mnunuzi hakupokea pesa yako na wa zamani akikutuma huko anakuzungusha tu. Mwandikie leo, kijana mmoja wa hapo ama mjukuu mkubwa akusaidie, tarehe uliingia, kiasi ulitoa, na umpe siku 14 arudishe. Akinyamaza nenda Korti ya Madai Madogo, ipo Kisumu, inashughulika na madai ya pesa hadi milioni 1, haihitaji wakili na inafaa kuamua kwa siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Karani wa hapo atakuonyesha fomu. Beba hiyo nakala ya barua uliyomwandikia, na kama haukupata risiti ya dipoziti beba jirani uliyeingia naye mwaka huo.

Kodi ya mwezi huu usiile mama, hata kama mwenye mpya anakataa kupokea. Mtumie kwa simu, akirudisha, huo ujumbe wa kurudisha usiufute.